Du Bois, Mtafiti wa Wadi ya Saba

Kabla sijawasimulia maisha ya mzee huyu, hamna budi kunivumilia kidogo niwaeleze aibu iliyonipata mimi mwenyewe, maana bila aibu hiyo nisingemjua kamwe.

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilinituma mimi na wenzangu watatu sokoni siku ya Jumamosi. Kazi ilikuwa kujua wachuuzi hutumia lugha gani wanapouza bidhaa zao. Tukaandaa hojaji ya maswali 10, tukavaa sare zilizopigwa pasi zikanyooka, tukashika njia. Tulirudi jioni kifua mbele, kwani karibu kila mchuuzi alijibu kwamba yeye hutumia Kiswahili sanifu. Nikaandika ripoti ya kurasa sita. Mwalimu wetu mlezi aliisoma yote, kisha akaniuliza swali moja tu: je, nilipokuwa pale sokoni, masikio yangu yalisikia nini?

Nikakwama. Ukweli ni kwamba yule mama wa nyanya, aliyetia alama yake kwenye Kiswahili sanifu, alipomgeukia mteja wake alimwaga Sheng iliyochanganywa na lugha ya mama, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikihesabu karatasi zangu. Kumbe mama wa watu alimwona mwanafunzi wa sare mwenye kalamu na karatasi, akanipa jibu alilodhani nalitaka!

Mwalimu hakunigombeza. Aliniazima vitabu viwili vikuukuu vya maisha ya mtu mmoja, akaniambia nivisome, kisha badala ya ile ripoti niandike makala ya jarida. Ndiyo haya mnayosoma.

Jina lake ni William Edward Burghardt Du Bois. Tafadhali msilitamke kama Wafaransa watamkavyo. Mwenyewe alitaka lisikike Dyubois, na ile s ya mwisho isimezwe. Alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, Marekani. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku nchini humo miaka michache tu kabla. Baba yake, Alfred, aliondoka kijana akiwa bado mchanga, na mama yake, Mary Silvina, akamlea kwa taabu. Watu weusi katika mji ule walikuwa wachache sana. Kijana alikuwa hodari darasani, na mama yake alipofariki mwaka wa 1885, wazungu wa makanisa ya mji wakamchangia pesa aende Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, katika jimbo la Tennessee, chuo cha watu weusi. Harambee, kwa lugha yetu.

Huko kusini ndiko alikoanza kujifunza watu. Wakati wa likizo ndefu alitembea kwa miguu vijijini Tennessee akitafuta shule ya kufundisha, akaipata. Darasa lilikuwa kibanda cha magogo kilichokuwa kikitumiwa kuhifadhia mahindi. Alikula na kulala katika nyumba za wanafunzi wake, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuwa na hojaji wala kalamu sikioni, lakini aliyoyaona vijijini humo hayakumtoka akilini maisha yake yote.

Kutoka Fisk alikwenda Harvard, na huko akajifunza jambo lingine kabisa: kuchimbua makaratasi. Kwa tasnifu yake alisoma sheria, kumbukumbu za mabunge na ripoti za serikali ili aonyeshe jinsi Marekani ilivyokataza biashara ya kuleta watumwa kutoka Afrika huku ikifumba macho. Katikati ya masomo hayo, kati ya 1892 na 1894, alikuwa Berlin, Ujerumani, akisoma kwa akina Gustav Schmoller, mwalimu wa uchumi aliyesisitiza kwamba ukweli na hesabu zikusanywe kwanza, nadharia zingoje. Pesa za ufadhili zikaisha kabla hajamaliza shahada yake kule. Alirudi nyumbani, na mwaka wa 1895 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari kutoka Harvard. Mwaka uliofuata tasnifu hiyo ikachapishwa kuwa kitabu.

Sasa hebu fikirini, ndugu zangu. Mtu amesoma Fisk, Harvard na Berlin. Kazi gani itamshinda? Lakini wapi! Hakuna chuo cha wazungu kilichomtaka kama mwalimu. Alifundisha Wilberforce, chuo kidogo cha watu weusi Ohio, na alipoomba afundishe elimujamii, yaani sosholojia, walimkatalia. Akabaki na Kilatini na Kigiriki. Jambo jema alilopata huko ni mke, Nina Gomer, waliyefunga ndoa mwaka wa 1896.

Mwaka huo huo barua ikaja. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimtaka afanye utafiti kuhusu watu weusi wa mji wa Philadelphia, hasa katika Wadi ya Saba walikoishi kwa wingi. Mshahara ulikuwa dola 900. Cheo chake kilikuwa msaidizi tu, na jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya walimu. Baadaye Du Bois alieleza wazi kwamba wakubwa waliomwita walikuwa na jibu lao tayari mfukoni: kwamba mji unaoza kwa sababu ya uhalifu wa watu weusi na kura zao zinazonunuliwa. Walitaka mtu wa kulipigia muhuri jibu hilo. Msomaji, hapo ndipo penye uzito wa hadithi hii. Mtafiti akikosea kuhusu lugha ya sokoni, atachekwa na mwalimu. Du Bois angekosea, watu maelfu wangeendelea kuitwa wahalifu kwa kuzaliwa, tena kwa ushahidi wa mtu mweusi mwenzao.

Basi alihamia mle mle. Yeye na bibi harusi wake wa miezi mitatu walipanga chumba kimoja juu ya mkahawa, katikati ya sehemu mbaya kabisa ya wadi, penye ulevi na fujo za usiku. Angeweza kukaa mahali penye starehe na kuwatuma vijana na karatasi. Hakufanya hivyo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kuanzia Agosti 1896, alipiga hodi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kaya kama 2,500. Nasikia alikuwa mtanashati wa kupindukia, mwenye glavu na bakora. Nadhani watoto wa vichochoroni walimfuata nyuma wakimcheka.

Alitumia hojaji, naam, lakini hakuwa na moja kama mimi. Alikuwa nazo za aina sita. Moja ilikuwa ya familia, moja ya mtu binafsi, moja ya nyumba yenyewe (vyumba vingapi, maji yako wapi, kodi kiasi gani), moja ya barabara na vichochoro, moja ya makanisa na vyama, na moja ya watumishi waliolala katika nyumba za matajiri wao. Hii ya mwisho ilinifurahisha. Mtumishi anayelala kwa tajiri hapatikani kwake ukipiga hodi, kwa hiyo ukihesabu milango ya watu weusi tu, utamkosa. Kuhusu kazi za nyumbani alisaidiwa na Isabel Eaton, mwanamke mzungu aliyefanya uchunguzi wake akauambatisha kwenye kitabu. Jumla ya watu weusi waliohesabiwa katika wadi ilikuwa 9,675.

Mtu mwingine angeishia hapo. Du Bois hakuziamini hesabu zake mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Chukueni mfano wa wajane. Kwenye karatasi walionekana wanawake wajane wengi mno, kupita kiasi. Ukizichukua namba hizo zilivyo, utadhani wanaume wa Philadelphia walikuwa wakifa kama nzi. Lakini Du Bois alikuwa amekaa kwenye vyumba hivyo, amewasikia akina mama wakizungumza. Akaeleza kwamba miongoni mwao wamo walioachwa na waume zao, na wamo waliozaa bila kuolewa, ambao mbele ya mgeni mwenye kalamu walijiita wajane ili wasidharauliwe. Ni yule mama wangu wa nyanya! Halafu wapo wazee wasiojua umri wao, wakakisia. Yote haya aliyaandika kitabuni bila kuficha. Aliongeza kwamba hata mtafiti ana upendeleo wake unaoingia kwenye kazi bila yeye kutaka, na kwamba hana budi kuwa macho.

Sisi wa Kidato cha Tatu tunazikariri mbinu za utafiti kama kasuku: faida tano za hojaji, udhaifu mara tano. Tunazipanga kama wachezaji wawili wanaogombea namba moja uwanjani. Du Bois hakuwa akichagua mshindi. Alizipanga ili moja iikamate nyingine ikidanganya. Tazameni suala la uhalifu, lile lile ambalo wakubwa walikuwa na jibu lake. Alizichukua rekodi za gereza na za mahakama. Kweli, zilionyesha watu weusi wengi kuliko sehemu yao katika idadi ya mji, na hakulificha hilo. Kisha akauliza rekodi hizo ziliandikwaje. Akaonyesha kwamba mtu mweusi alikamatwa kwa kosa dogo zaidi na kufungwa muda mrefu zaidi kuliko mzungu. Kwa hiyo daftari la gereza lilieleza habari za waliofungwa, na pia za wale waliowafunga.

Hakuishia hapo. Alirudi nyuma katika historia, karibu miaka 250. Alieleza habari za akina Richard Allen na Absalom Jones, waliounda chama cha kusaidiana cha Waafrika huru mwaka wa 1787. Alieleza jinsi mafundi na wapishi weusi walivyowahi kustawi mjini, na jinsi ghasia za wazungu na ushindani wa wahamiaji kutoka Ulaya ulivyowasukuma nje. Sensa haikuweza kumwambia hayo, maana sensa ni picha ya siku moja. Picha haikuonyeshi mtu alianguka kutoka wapi.

Na penye namba kavu aliweka mtu mwenye nyama na damu. Hesabu zilionyesha kwamba wengi walifanya kazi za utumishi. Wazungu walisema ni kwa sababu hawawezi kingine. Du Bois akaorodhesha kisa baada ya kisa cha watu waliofukuzwa kazi kwa rangi yao. Mmojawapo alikuwa kijana aliyehitimu uhandisi wa mitambo katika chuo hicho hicho cha Pennsylvania. Alipata kazi kwa tangazo, akaanza, na baada ya saa chache wakagundua kwamba ni mtu mweusi, wakamtoa. Du Bois alipomkuta alikuwa mhudumu wa meza. Ukisoma kisa hicho peke yake, utasema labda ni bahati mbaya ya mtu mmoja, na ukisoma takwimu peke yake, utasema labda ni uvivu. Ukivisoma pamoja, huna pa kukimbilia.

Halafu kuna ramani. Aliichora wadi nzima, nyumba kwa nyumba, akaipa kila kaya ya watu weusi rangi kulingana na daraja lake la maisha, madaraja manne. Fikra hiyo ilitokana na kazi ya Charles Booth jijini London na ya kina mama wa Hull House kule Chicago. Wazungu waliodhani watu weusi wote ni kitu kimoja waliweza kuona kwa macho kwamba kumbe mna matajiri, mna wafanyakazi wa heshima, mna maskini, mna wahuni, kama kwao tu.

Lakini sitamsifu mpaka nipitilize. Madaraja yale yananisumbua. Lile la chini kabisa alilipa jina la watu waovu na wahalifu, na anapowaongelea sauti yake ni ya mtu wa glavu na bakora. Alikuwa ametuonya kuhusu upendeleo wa mtafiti, nao ukamwingia yeye mwenyewe kwa mlango huo. Mwenzangu mmoja wa chama anasema nisimhukumu mtu wa karne ya 19. Mimi nasema ningekuwa mtoto wa kaya iliyopakwa rangi ile, ningemuuliza.

Kitabu kilitoka mwaka wa 1899. Kilisifiwa, lakini Chuo Kikuu cha Pennsylvania hakikumpa kazi. Alikuwa ameshakwenda Chuo Kikuu cha Atlanta, Georgia, tangu 1897, na huko alipanga mpango wa ajabu wa kuwachunguza watu weusi mwaka hadi mwaka: mwaka huu biashara, mwaka ujao kanisa, kisha shule, kisha afya. Aliamini kwamba ubaguzi unatokana na ujinga, na kwamba ukiupa ujinga ukweli wa kutosha utakimbia.

Mwezi wa Aprili 1899 imani hiyo ilipata pigo. Mfanyakazi mmoja mweusi, Sam Hose, alikuwa akishtakiwa kumuua mwajiri wake. Du Bois aliandika barua ya kueleza ukweli wa mambo kwa utulivu, akatoka kwenda kuipeleka katika ofisi ya gazeti. Njiani akapata habari kwamba Hose ameshauawa na umati, amechomwa moto, na kwamba vifundo vya vidole vyake vimewekwa dukani kwenye barabara ile ile aliyokuwa akiifuata. Akageuka akarudi nyumbani na barua yake. Mwezi uliofuata mwanawe wa kwanza, Burghardt, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, akafariki kwa dondakoo. Hebu piga picha moyo wa mtu huyo.

Tangu hapo hakuacha utafiti, ila aliona kwamba jedwali haliwezi kumzuia mtu mwenye kamba mkononi. Akaanza kutafuta njia nyingine za kuuonyesha ule ukweli. Mwaka wa 1900, kwa Maonyesho ya Paris, yeye na wanafunzi wake walichora kwa mkono chati kama 60 za rangi za kupendeza, nyingine zimezungushwa kama konokono, akaziambatanisha na mamia ya picha za watu weusi wa Georgia. Hakuwa na nauli ya kutosha, akasafiri daraja la chini kabisa melini ili akazipange ukutani yeye mwenyewe. Zikapata medali ya dhahabu. Mwaka wa 1903 akatoa kitabu cha insha, The Souls of Black Folk. Humo kile kibanda cha magogo cha Tennessee kinarudi, na takwimu zinakaa bega kwa bega na kilio cha mtoto wake.

Kazi moja inaniuma mpaka leo. Mwaka wa 1906 serikali ya Marekani ilimpa jukumu la kuchunguza Lowndes, wilaya ya mashamba ya pamba huko Alabama. Alifanya yote aliyojifunza, pamoja. Watafiti wake walikwenda nyumba kwa nyumba, mahali pengine wakakaribishwa kwa bunduki. Walichimbua rekodi za ardhi, wakachora ramani, wakachunguza mahakama na mikataba ya wakulima. Serikali ilikataa kuichapisha ripoti. Alipoidai baadaye, aliambiwa imeharibiwa. Philadelphia walimwacha aseme kwa sababu walidhani atasema lao. Safari hii walijua mapema atakachosema.

Mengine nitayapitia haraka. Mwaka wa 1909 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha NAACP cha kutetea haki za watu weusi, na kuanzia 1910 akahariri jarida lake, The Crisis, kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka wa 1935 alitoa kitabu kikubwa kuhusu Marekani baada ya vita vya kukomesha utumwa. Oktoba 1945, akiwa mzee wa miaka 77, alikuwa Manchester, Uingereza, kwenye Kongamano la Umoja wa Afrika, pamoja na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta wetu. Miaka ya 1950 serikali yake ilimshtaki, mahakama ikamwachilia, lakini hata hivyo akanyimwa pasipoti kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 1961 Nkrumah alimwalika Ghana aandae ensaiklopidia kuhusu Afrika. Mtu wa miaka 93 anaanza ensaiklopidia! Alikuwa amechukua uraia wa Ghana alipoaga dunia jijini Accra tarehe 27 Agosti 1963, na umri wake ulikuwa miaka 95. Kesho yake, mjini Washington, maelfu kwa maelfu waliokuwa wameandamana kudai haki walitangaziwa kifo chake, na wakamkumbuka kwa kunyamaza kimya. Kenya ilikuwa imebakiza miezi mitatu na nusu tu kupata uhuru.

Vitabu nimemrudishia mwalimu. Ameturuhusu twende sokoni tena Jumamosi ijayo, na mpango tumeupanga upya. Asubuhi nzima tutasikiliza tu. Hojaji zitatoka mfukoni baada ya saa sita, na mwenzetu mmoja atakwenda kuzungumza na mzee anayekumbuka soko lilivyokuwa lilipofunguliwa. Nami nimeshamwendea yule mama wa nyanya nikamwomba ruhusa nimsaidie kupanga mafungu yake. Amekubali, ila amesema sare niiache nyumbani.